Panga vifaa vyako vya kupimia kabla havijakudanganya: mwongozo kamili kwa fundi

Nilipokabidhiwa ufunguo wa stoo ya vipimo katika karakana moja hapa Kampala, nilipanga kwa macho. Vyenye uso wa saa na mshale nikaviweka rafu ya juu, vyenye kioo cha namba rafu ya kati, vya chuma kitupu chini. Stoo ikapendeza. Wiki mbili baadaye kijana akaja kuomba geji ya kupimia presha ya kompresa, nami bila kuinuka nikamnyooshea rafu ya juu. Alichochukua ni geji ya utupu ya fundi friji. Alipofungua valvu, mshale ulizunguka mara moja ukalala upande wa pili, na haukurudi tena.

Siku ile nilijifunza kwamba sura ya kifaa haikwambii kitu. Geji ya presha, geji ya utupu, ampmita na themomita ya tanuri vyote ni visahani vyenye mshale. Lazima ukiulize kifaa maswali, na majibu yake ndiyo yakipeleke rafuni. Nimeona pia faida moja ambayo sikuitarajia: kila kundi lina namna yake ya kusema uongo. Ukishajua kifaa ni cha kundi gani, unajua pa kukitilia shaka.

Maandalizi

Toa kila kitu stoo, mwaga mezani juu ya kitambaa safi. Chukua kaunta buku, kila kifaa kipate mstari wake. Kipe kila kimoja namba kwa rangi au stika. Usigonge namba kwa patasi; nimewahi kuona maikromita iliyogongwa herufi kwenye fremu, na tangu hapo haikufunga tena kwenye sifuri. Tenga nafasi za majibu saba, maana maswali ni saba, ingawa si yote yana uzito sawa.

Hatua ya 1: Kinapima nini, na sifuri yake iko wapi?

Nusu ya kwanza ya swali ni rahisi. Urefu, masi, muda, joto, mkondo wa umeme, volteji, presha, mtiririko, kasi ya mzunguko, nguvu ya kukaza nati. Andika na vizio vilivyo usoni pa kifaa, hasa kwenye presha, ambako utakuta psi, bar na kPa zimechanganyika kama abiria wa teksi ya Old Park. Bar 1 ni kPa 100, au psi 14.5 hivi.

Nusu ya pili ndiyo watu wanairuka. Geji ya tairi ikiwa hewani inasoma sifuri, lakini hewa yenyewe inatukandamiza. Geji hiyo inapima tofauti kati ya ndani ya tairi na nje. Barometa haifanyi hivyo. Yenyewe inaanza kuhesabu kutoka utupu kamili. Kwa hiyo kwenye presha andika kundi moja kati ya mawili: ya tofauti na hewa, au ya kuanzia utupu.

Hapa Kampala jambo hili lina uzito kuliko Mombasa. Tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu inakandamiza kwa kPa 88 hivi, wakati pwani ni kPa 101. Fundi friji aliyejifunzia kazi pwani anajua pampu nzuri ya utupu inashusha mshale hadi karibu na inchi 30 za zebaki (kizio kingine cha presha). Akija huku ataona mshale umegota kwenye 26 na hausogei, ataivunja pampu, atabadilisha oili, atalaumu mpira. Pampu haina kosa. Hewa ya kunyonya ndiyo imeishia hapo, na geji yake inapima tofauti tu.

Themomita nayo iko hivyohivyo. Vitabu vinasema ijaribu kwenye maji yanayochemka, isome 100. Ukifanya hivyo Kampala itasoma 96 hivi, na Kabale, iliyo juu zaidi, itashuka zaidi. Kuna mtu alitupa themomita nzima kwa sababu hiyo. Ukitaka kuikagua bila hesabu, tumia barafu safi iliyopondwa na kuloweshwa maji: hiyo ni sifuri huku na pwani pia.

Hatua ya 2: Kinasukumwa, au kinasawazishwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mzani wa spring unasukumwa. Unaning'iniza gunia, spring inavutika, mshale unasogea, unasoma umbali uliosogea. Mzani wa mikono miwili unasawazishwa: unaongeza mawe ya uzito upande wa pili hadi mkono utulie katikati. Wa kwanza unakujibu kwa kusogea, wa pili unakujibu kwa kutosogea. Vifaa vingi vinaingia moja kati ya makundi haya. Geji ya presha, ampmita ya mshale na mzani wa dijiti vinasukumwa. Daraja la Wheatstone la kupimia ukinzani, mzani wa maabara wa mikono miwili na timazi ya mwashi ni vya kusawazisha.

Tofauti si ya kitabuni. Kinachosukumwa kinategemea kitu cha ndani kibaki vilevile: ugumu wa spring, nguvu ya sumaku, na hata mvuto wa dunia. Sisi tumekaa karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, ambako watalii wanaonyeshwa maji yakizunguka kwenye beseni. (Maonyesho yale ni ya beseni na mkono wa anayemimina. Ikweta haihusiki.) Lakini ikweta inahusika na mzani. Mvuto wa dunia hapa ni dhaifu kidogo: London ni 9.81 m/s², Kampala ni karibu 9.78. Mzani wa spring au wa dijiti uliorekebishwa London, ukiletwa hapa bila kuguswa, utasoma kilo 100 za kahawa kama kilo 99.64 hivi. Gramu 360 zimepotea na hakuna aliyeiba. Mzani wa mikono miwili hauwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu kahawa na mawe ya uzito vimepunguziwa mvuto sawasawa.

Hivyo kila kifaa cha kusukumwa kiandikie: kikaguliwe hapahapa kinapotumika. Cha kusawazisha kiandikie: kagua kile unacholinganishia, maana usahihi wote umelala kwenye mawe yale. Jiwe la kilo likiingia kutu au likikwanguka, mzani utatulia vizuri kabisa katikati na kukupa jibu la uongo.

Hatua ya 3: Nguvu ya kusomea kinaipata wapi?

Hapa tusikae sana. Vipo vinavyokula nguvu ya kile kinachopimwa: themomita ya kimiminika, geji ya presha yenye bomba lililopinda ndani. Vipo vinavyohitaji betri au umeme: kalipa ya dijiti, mzani wa dijiti, multimeta inapopima ukinzani. Vya kundi la pili hudanganya betri inapochoka, na vibaya zaidi, vingine havizimi. Vinaendelea kuonyesha namba zinazoyumba. Toa betri kwenye kifaa kisichotumika kila wiki. Betri iliyovuja imeua kalipa nyingi kuliko kuanguka.

Hatua ya 4: Kinakuonyesha sasa hivi, kinajumlisha, au kinakumbuka?

Tazama uso wa boda boda. Mshale wa kasi unakwambia ya sasa hivi. Ukisimama unarudi sifuri na hauna kumbukumbu. Chini yake namba za kilomita zinajumlisha kila mzunguko wa gurudumu tangu pikipiki itoke kiwandani. Kwenye pikipiki nyingi vyote viwili vinaendeshwa na kebo moja kutoka gurudumu la mbele, lakini ni vifaa vya makundi mawili. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya kujumlisha, ndiyo maana inahesabu yuniti. Mita ya maji na pampu ya petroli ni ndugu zake. Mita ya kubana waya ni ya sasa hivi.

Uongo wa kinachojumlisha ni mdogo lakini hauchoki. Ampmita ikizidisha asilimia 2 leo, kesho umesahau. Mita ya kujumlisha ikizidisha asilimia 2, inazidisha usiku na mchana, na bili inakua.

Kundi la tatu ni la kukumbuka: linachora grafu au kuhifadhi namba kwa saa. Usidhani ni lazima liwe na mashine. Pale Jinja, kimo cha Ziwa Viktoria kimekuwa kikisomwa kwa geji na kuandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana tunaweza kusema kwamba mwaka 1964 ziwa lilifika mita 13.41 kwenye geji ile, na kwamba mwaka 2020 alama hiyo ilipitwa. Chuma kilichochorwa mistari, mtu mwenye kalamu, na kifaa kimekuwa cha kukumbuka. (Na hapo hatua ya 1 inarudi: hizo mita 13.41 si kina cha ziwa. Zinahesabiwa kutoka sifuri ya geji.)

Katika hatua hiihii andika kama kifaa ni cha mshale au cha namba. Mshale ni mzuri kwa kitu kinachobadilika haraka, kwa sababu jicho linaona mwelekeo. Namba ni nzuri kwa kitu kilichotulia. Ila namba zina adabu ya uongo: zinaonyesha tarakimu nne na mtu anaamini zote nne.

Ngoja niseme kosa langu mwenyewe. Mteja aliniletea inverta ya sola, ndogo, ya bei rahisi. Multimeta yangu ya dijiti ikasoma volti 180. Nikamwambia imekufa, inatakiwa 230. Nikaifungua, nikabadilisha kapasita mbili, ikasoma 180. Inverta ilikuwa nzima. Multimeta za bei ya chini hupima wastani wa wimbi, kisha huzidisha kwa 1.11, zikiamini kwamba wimbi ni laini kama la umeme wa gridi. Inverta ya bei rahisi inatoa wimbi la ngazi-ngazi lenye mapengo. Mapengo yakichukua nusu ya muda, volti 230 za kweli zitasomwa 180 na ushee. Tangu hapo multimeta zimegawanyika mara mbili katika buku langu: zinazopima thamani halisi ya wimbi lolote, ambazo huandikwa "True RMS" usoni, na zile za wastani. Za wastani zina stika nyekundu: si za inverta.

Hatua ya 5: Kinagusa au hakigusi?

Vingi vinagusa. Kwa hivyo swali hili ni kwa ajili ya vichache visivyogusa: bunduki ya kupimia joto, takometa ya mwanga, mita ya leza. Bunduki ya joto ndiyo yenye hila. Inapokea mionzi ya joto, na nyingi zimepangwa kwa nyuso zisizong'aa. Ukiielekeza kwenye bomba la alumini linalometameta, inasoma zaidi joto la vitu vinavyoakisiwa kuliko la bomba lenyewe, na bomba la kuunguza mkono litaonekana vuguvugu. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, pima juu ya tepu. Angalia pia uwiano ulioandikwa ubavuni: 12:1 ina maana ukisimama mita 1.2, unapima duara la sentimita 10, wala si ile nukta nyekundu unayoiona.

Hatua ya 6: Familia ya urefu igawe upya

Karibu nusu ya meza yako itakuwa ya urefu, kwa hiyo kuiita "urefu" tu hakutoshi. Mimi naigawa mara tatu.

Kwanza vya mistari: rula, futi ya kuvuta, kalipa ya vernia, maikromita. Unasoma mahali mstari ulipo. Pili vya ncha: vile vipande vya chuma vilivyosuguliwa vya kulinganishia, na feler geji za kupimia mwanya wa valvu. Havina mistari, urefu ni umbali wa uso hadi uso. Tatu ni waamuzi: geji za ipite-isipite. Upande mmoja lazima uingie tunduni, wa pili lazima ukatae. Havikupi namba yoyote, vinatoa hukumu tu, na kwa kazi ya kutengeneza vipande mia vinavyofanana ni vya haraka kuliko maikromita yoyote. Spana ya toki, ile ya kupimia nguvu ya kukaza nati inayolia "tak", naihesabu humu pia, kwa tabia ingawa si kwa familia.

Sasa kalipa na maikromita. Vijana hutumia kalipa kwa kila kitu kwa sababu ni nyepesi. Tazama kwa karibu: kwenye kalipa, mahali shafti inaposhikwa ni kwenye meno, lakini mistari ya kusomea iko juu, pembeni ya meno hayo. Ukikaza kidole gumba, jino linainama kidogo na kosa linapanda hadi kwenye mistari. Maikromita inapimia kwenye mstari uleule wa skrubu yake, kwa hiyo kosa hilo halina njia ya kupita. Mjerumani Ernst Abbe alieleza kanuni hii mwaka 1890, na bado inavunjwa kila siku kule Katwe na Kisenyi, mitaa ya mafundi hapa Kampala.

Basi kiti cha beringi kipime kwa maikromita. Futa nyuso, funga hadi sifuri, hakikisha sifuri ni sifuri. Weka shafti, zungusha kwa kile kishikio cha nyuma hadi kilie mara tatu. Usikaze kwa ngoma, lile bomba la nje linalozunguka. Soma bomba la ndani kwanza: tuseme mistari ya milimita imeonekana hadi 39, na mstari wa nusu umejitokeza, yaani 39.5. Ngoma inaonyesha 48, yaani 0.48. Jibu ni 39.98. Kwa kalipa ya vernia ungepata 39.95 au 40.00 kutegemea kidole, na beringi ya 40 ingezunguka kwenye kiti chake kabla kinu hakijasaga gunia la kumi.

Jambo la mwisho la urefu: joto. Vipimo hivi hutengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 20. Mchana wetu ni 28 au zaidi. Kama shafti ni chuma na kifaa ni chuma, vinatanuka pamoja na huna la kuhofia, mradi vimekaa kivulini pamoja. Ukipima alumini kwa kifaa cha chuma, kwa urefu wa milimita 100 na nyuzi 10 za ziada, utakosea kama sehemu moja ya mia ya milimita. Na shafti iliyotoka kwenye lathe sasa hivi usiipime. Iache inywe chai.

Hatua ya 7: Kikomo, daraja la usahihi na usalama

Soma maandishi madogo usoni. Geji ya presha ina namba kama 1.6 au 2.5: hiyo ni asilimia ya kipimo cha juu kabisa, wala si ya unachosoma. Geji ya bar 16 yenye daraja 2.5 inaruhusiwa kukosea bar 0.4 popote. Ukiwa unapima bar 12, ni sawa. Ukiwa unapima bar 1.5, hiyo ni zaidi ya robo ya jibu lako. Kanuni ya kazi: chagua geji ambayo mshale wake utakaa kati ya nusu na robo tatu.

Kwa mita za umeme za mshale, mistari yenyewe inakwambia kundi. Mistari ikiwa na nafasi sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kuna uwezekano mkubwa ni ya koili inayozunguka kwenye sumaku, ambayo peke yake husoma umeme wa betri tu. Ikiwa mistari imebanana mwanzoni na kufunguka mbele, ni ya kipande cha chuma kinachosukumwa na koili, inasoma umeme wa betri na wa gridi, lakini sehemu ya chini ya mistari usiiamini.

Multimeta ziangalie alama ya CAT. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya nyaya za jengo na bodi ya fyuzi, CAT IV ni ya upande wa mita na laini inayoingia. Isiyo na alama yoyote isikaribie bodi ya umeme. Hapa uongo wa kifaa hauishii kwenye namba. Kinaweza kukulipukia mkononi.

Hatua ya 8: Nani anamkagua nani

Swali la saba, ambalo mimi huliweka mwisho kwa sababu linapanga rafu. Kila karakana iwe na ngazi tatu. Juu, kifaa kimoja au viwili visivyofanya kazi yoyote isipokuwa kukagua vingine: seti ndogo ya vipande vya kulinganishia, geji moja nzuri, mawe ya uzito. Hivi vifungiwe, na ndivyo unavyolipia vipelekwe kukaguliwa. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina maabara ya vipimo Bweyogerere. Katikati, vifaa vya fundi mkuu. Chini, vya kazi ya kila siku, ambavyo vitaanguka na kukanyagwa.

Kinachokagua kiwe bora angalau mara nne kuliko kinachokaguliwa. Kalipa haiwezi kuhukumu maikromita, hata ikiwa mpya. Na kama kuna mzani wako unaouzia watu bidhaa kwa kilo, huo ni kundi jingine kisheria: lazima uhakikiwe na UNBS na uwe na stika yao, hata kama wewe mwenyewe umeukagua asubuhi.

Sasa rudisha vitu rafuni. Rafu kwa kile kinachopimwa, rangi ya stika kwa ngazi, na kwenye buku, mbele ya kila namba, mstari mmoja wa onyo. "Namba 14: multimeta, ya sasa hivi, namba, betri, wastani, CAT II. Si ya inverta, si ya bodi." Mstari kama huo ungeiokoa geji yangu ya utupu.

Kilichobaki mezani kwangu mwishoni kilikuwa mpira wa maji, ule mpira angavu wa mita kumi ambao waashi hutumia kuhamisha usawa kutoka nguzo moja hadi nyingine. Kijana alitaka kuutupa, kwa sababu hauna mistari wala namba. Tukaupitisha kwenye maswali: unapima usawa, unasawazishwa, hauli betri, unaonyesha sasa hivi, hauna daraja, na hakuna wa kuukagua isipokuwa maji yenyewe. Onyo lake tukaandika: "Toa mapovu yote kwanza. Usiache upande mmoja juani." Tukaupa namba 31, ukaning'inia kwenye msumari karibu na mlango.